Pampu ya wifi, krimu, mto wa kunyonyeshea: kipi ununue sasa na kipi kisubiri

Swali: Nina ujauzito wa miezi minane, mtoto wa kwanza. Nitarudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu, na nitakuwa mbali naye kwa muda wa saa 9 kila siku ya kazi. Marafiki wamenipa orodha ndefu: pampu ya umeme ya kukamua matiti mawili kwa pamoja, krimu ya chuchu, vifuniko vya chuchu vya silikoni, mto wa kunyonyeshea, chupa, mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, mifuko ya kugandishia maziwa, kifaa cha kusugua matiti na vingine. Wifi yangu ameniahidi pampu yake ya umeme aliyoitumia kwa watoto wawili, anasema bado inavuta vizuri. Nianze na kipi, na je, niichukue hiyo pampu?

Jibu: Hongera dada, umeshafika karibu. Nianze na swali lako la mwisho. Mshukuru wifi yako, pokea begi la kubebea, vyombo vya kuhifadhia na pakiti za barafu kama anazo, lakini pampu yenyewe usiitumie. Sababu nitazieleza mbele kidogo. Kuhusu orodha, kabla ya kujifungua unahitaji sidiria mbili au tatu za kunyonyeshea zinazokutosha, pedi za kuzuia maziwa yasiloweshe nguo, na mtu anayejua kweli kumsaidia mzazi kumpakata na kumpachika mtoto kwenye titi: mkunga, muuguzi au mshauri wa unyonyeshaji. Huyo mtu hauzwi dukani, ila ndiye atakayekuepusha na nusu ya mambo yaliyomo kwenye orodha yako. Vilivyobaki vyote vinaweza kusubiri.

Nasema visubiri kwa sababu karibu kila kifaa ulichokitaja kimetengenezwa kwa ajili ya tatizo fulani. Krimu ni ya chuchu zilizochubuka. Kifuniko cha silikoni ni cha mtoto anayeshindwa kushika titi. Pampu ni ya mama na mtoto walio mbalimbali. Ukivinunua vyote mapema ni sawa na kununua dawa ya ugonjwa usioumwa, na tabu yake ni kwamba kifaa kikiwa kimekaa pale kabatini, siku ngumu ya kwanza kitatolewa na kutumika hata kama hakihitajiki. Jua pia kwamba matangazo ya vifaa hivi hayana breki. Kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 1981 kupitia Shirika la Afya Duniani inakataza kutangaza kwa umma vibadala vya maziwa ya mama, chupa za kulishia na chuchu zake za bandia. Pampu na krimu hazimo. Kwa hiyo usishangae kuona kila tangazo likikwambia huwezi kunyonyesha bila mota.

Kifaa cha kwanza cha kukamulia ni mkono, na ningependa ujifunze kuutumia kabla ya kuangalia pampu yoyote. Siku mbili tatu za mwanzo matiti hutoa dang'a, maziwa mazito ya njano, tena kidogo sana: mtoto wa siku ya kwanza hunyonya mililita 2 hadi 10 tu kwa mara moja. Ukiweka pampu wakati huo, matone yote yataishia kwenye kuta za plastiki na wewe utaishia kulia ukidhani huna maziwa. Kwa mkono matone hayo yanaingia moja kwa moja kwenye kijiko au kikombe kidogo.

Nawa mikono. Weka kidole gumba upande wa juu wa titi na vidole viwili upande wa chini, kama sentimita 2 au 3 kutoka kwenye chuchu, mkono ukifanya umbo la herufi C. Kwanza sukuma kuelekea kifuani, halafu bana vidole vikaribiane bila kuteleza juu ya ngozi, halafu legeza. Sukuma, bana, legeza, kwa mwendo mmoja usiobadilika. Dakika ya kwanza au ya pili huenda kisitoke kitu. Usiongeze nguvu, endelea tu. Litatokea tone, kisha mengine yatafuata. Upande huo ukikauka, zungusha vidole ukamate sehemu nyingine ya titi. Ikiuma, unakosea mahali: ama unavuta chuchu yenyewe, ama unasugua ngozi. Ujuzi huu utaendelea kukufaa hata ukiwa na pampu. Daktari Jane Morton wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2009 kuhusu akina mama wa watoto njiti, ukionyesha kwamba waliochanganya mikono na pampu ya umeme waliongeza maziwa. Na umeme ukikatika, au ukisahau kipande kimoja cha pampu nyumbani (jambo ambalo hutokea, tena siku yenye kazi nyingi), mikono unayo.

Sasa pampu. Ungekuwa unatoka nyumbani mara moja moja kwa saa mbili tatu, ningekwambia pampu ya mkono inatosha na mjadala uishe. Lakini wewe utakuwa mbali saa 9, siku nyingi mfululizo, kwa hiyo utakamua mara mbili au tatu kazini, takriban kila baada ya saa 3. Kwa ratiba hiyo pampu ya umeme ya kukamua matiti yote mawili kwa pamoja ina maana, kwa sababu inamaliza kazi kwa dakika 15 hadi 20 badala ya karibu mara mbili yake. Zile ndogo za kuvaa ndani ya sidiria zinapendwa kwa kuwa hazina mirija na mtu anaweza kuendelea na shughuli. Mimi sizipendekezi ziwe pampu pekee ya mama anayekamua kila siku: ni vigumu kuona kama chuchu imekaa katikati, na ikikaa upande mara kwa mara titi halitoki maziwa vizuri. Kama pampu ya pili, sawa.

Kabla hujachagua, kafanye jambo moja kabla likizo yako haijaanza: kaangalie mahali utakapokamulia kazini. Kuna mlango unaofungwa? Kuna soketi karibu na kiti? Kuna friji? Kuna maji ya bomba? Majibu ya hayo ndiyo yatakayokwambia kama unahitaji pampu ya betri ya kuchaji au ya waya, na kama lazima ubebe begi la baridi. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unamtambulia mama anayenyonyesha haki ya mapumziko ya kila siku au kupunguziwa saa za kazi, na mapumziko hayo yahesabiwe kuwa muda wa kazi wenye malipo. Uliza mwajiri wako na sheria ya nchi yako inasemaje, na upate jibu kwa maandishi.

Nirudi kwa wifi. Pampu nyingi za umeme za nyumbani zimetengenezwa kwa ajili ya mama mmoja. Katika zile za mfumo wazi hakuna kizuizi kati ya maziwa na mota. Matone na unyevu hupanda kwenye mrija hadi ndani ya mashine, mahali ambapo sabuni na maji ya moto havifiki, na kuvu huota humo. Kubadilisha mirija na faneli (ile koni ya plastiki inayokaa juu ya titi) hakusafishi kilichomo ndani. Ndiyo maana mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inasema pampu ya mtumiaji mmoja isipewe mtu mwingine. Za mfumo uliofungwa zina kiwambo kinachozuia maziwa yasifike kwenye mota, kwa hiyo hatari ni ndogo zaidi, lakini lipo la pili: mota huchoka. Kwamba "bado inavuta vizuri" wifi anajua kwa kusikia mlio. Mota inayochoka hunguruma vilevile huku mvuto ukishuka, na wewe utadhani maziwa yako ndiyo yanayopungua. Pampu zilizotengenezwa kwa watumiaji wengi, zile za hospitali ambazo sehemu nyingine hukodishwa, ni habari tofauti. Humo kila mama huja na faneli, mirija na vyombo vyake mwenyewe. Kama unaweza kupata ya kukodi, hasa mtoto akizaliwa njiti au akilazwa, hiyo ndiyo bora kuliko zote.

Ukinunua mpya, usichague kwa nguvu ya mvuto iliyoandikwa kwenye boksi. Angalia faneli. Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa maana zote mbili. Mara nyingi boksi huja na saizi moja au mbili, tuseme milimita 24 na 28, na mama hutumia iliyokuja nayo. Wengi ninaowaona walihitaji ndogo zaidi. Chukua rula ya milimita, pima upana wa chuchu yenyewe pale inapoanzia, bila kuhesabu ile ngozi nyeusi inayoizunguka. Faneli inayokufaa itakuwa sawa na kipimo hicho au itakizidi kwa milimita 2 hivi, wengine hadi 4. Usipime leo, kwa sababu chuchu hubadilika baada ya kujifungua. Pima chuchu zote mbili, kwani ya kulia na ya kushoto huweza kutofautiana.

Kipimo ni mwanzo tu. Jicho ndilo linaloamua. Washa pampu na utazame kwa dakika moja. Chuchu inatakiwa iteleze mbele na nyuma katikati ya bomba bila kusugua kuta, na ngozi nyeusi ifuate kidogo tu. Chuchu ikitoka imekuwa nyeupe au zambarau, au ina duara jekundu pale inapoanzia, faneli inabana. Ngozi nyingi ikivutwa ndani ya bomba na titi likabaki zito baada ya kukamua, faneli ni kubwa. Kama pampu unayoitaka haina saizi nyingine za kununua pembeni, iache dukani.

Kuhusu mvuto, anza na mwendo mwepesi wa haraka, unaofanana na mtoto anavyoanza kunyonya, mpaka maziwa yaanze kutiririka. Kisha geukia mwendo wa polepole wenye nguvu zaidi. Panda hadi uanze kuhisi usumbufu, halafu shuka ngazi moja. Hapo ndipo mahali pako. Maumivu huzuia homoni ya oksitosini inayosukuma maziwa nje, kwa hiyo anayejikaza na namba ya juu kabisa mara nyingi hupata kidogo kuliko aliyestarehe na namba ya kati.

Na siku maziwa yakipungua ghafla kwenye chombo, kabla hujajilaumu, kagua vali, kile kipande laini cha silikoni chenye mpasuko mwishoni. Kikilegea au kikichanika kidogo tu, mvuto unapotea. Kwa anayekamua kila siku, vali hudumu mwezi mmoja hadi mitatu. Nunua za akiba siku ileile unayonunua pampu. Kumbuka pia kwamba pampu si mtoto: anayenyonyesha moja kwa moja na kukamua katikati ya minyonyo anaweza kupata mililita 15 hadi 60 tu kwa matiti yote mawili, na hiyo ni kawaida. Maziwa kama yanatosha utajua kwa mtoto, si kwa chombo: anaongezeka uzito, na baada ya siku ya 5 analowesha nepi 6 au zaidi kwa siku.

Utahitaji kiasi gani ukiwa kazini? Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 anayenyonya maziwa ya mama pekee hutumia wastani wa mililita 750 kwa saa 24, wengine chini ya hapo na wengine juu. Ukigawanya, ni kama 30 hadi 45 kwa kila saa utakayokuwa mbali. Kwa saa 9 ni takriban mililita 270 hadi 400. Huhitaji frizi iliyojaa mifuko kama unavyoona kwenye picha za watu. Unahitaji ya siku ya kwanza na akiba kidogo, kwa sababu unachokamua leo ndicho atakachokunywa kesho.

Hifadhi kwa vipimo vidogo, mililita 60 hadi 120, ili kisimwagwe kingi. Chombo chochote safi cha chakula chenye mfuniko unaobana kinafaa, cha kioo au plastiki isiyo na kemikali ya BPA. Mifuko maalumu ina faida tu ya kubana nafasi kwenye frizi. Andika tarehe. Maziwa yaliyotoka kukamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye friji, na kwenye frizi ni vizuri yatumike ndani ya miezi 6. Begi la baridi lenye pakiti za barafu huyatunza hadi saa 24. Chumba chenu kikiwa cha joto zaidi ya hapo, usihesabu saa 4. Yaweke kwenye baridi mara moja. Yaliyoganda yakishayeyuka kwenye friji yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Pasha kwa kuweka chombo ndani ya maji ya vuguvugu, kamwe si kwenye maikrowevu, inayoacha sehemu za moto zinazoweza kumuunguza mtoto mdomo. Yakinuka kama sabuni baada ya kuganda, hayajaharibika: ni kimeng'enya kinachovunja mafuta, na watoto wengi hawajali.

Mashine ya mvuke iache. Osha kila kipande kilichogusa maziwa kila baada ya kukamua, kwa sabuni na maji ya moto, ndani ya beseni lisilofanya kazi nyingine, si moja kwa moja kwenye sinki lenye vijidudu vya vyombo vyote vya nyumba. Anika kwenye taulo safi, usifute. Mtoto akiwa chini ya miezi 2, au alizaliwa njiti, au ana kinga dhaifu, chemsha vipande kwenye sufuria kwa dakika 5 mara moja kwa siku. Fedha ya mashine nunulia seti ya pili ya faneli na vali, ili kazini usihangaike kuosha katikati ya kikao na kikao. Mrija ukiona una madoa meusi ndani, tupa.

Vilivyobaki nitavipitia haraka. Sidiria inunue wiki za mwisho za ujauzito, isiyo na waya, yenye nafasi ya kidole chini ya mkanda, na isiyoacha alama kwenye ngozi. Pedi za kufua zinatosha, mradi uzibadilishe zikilowa. Mto wa kunyonyeshea: mito ya kawaida ya nyumbani hufanya kazi hiyohiyo. Mlete mtoto kwenye titi badala ya kuinamia, na usimwache alale juu ya mto, hata dakika chache, kwa kuwa anaweza kukosa hewa. Krimu ya lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo) iliyosafishwa ni salama na haihitaji kufutwa kabla ya kunyonyesha, ila haitatibu chanzo. Chuchu inayopasuka karibu kila mara inasema mtoto ameshika chuchu tu badala ya kujaza mdomo titi. Vifuniko vya silikoni vina kazi yake, lakini vitumike ukiwa na mshauri anayefuatilia uzito wa mtoto, na kwa mpango wa kuviacha.

Kifaa cha kusugua matiti, hapana kabisa. Zamani tulishauri kusugua kwa nguvu pale titi linapofanya uvimbe. Mwongozo wa mwaka 2022 wa Academy of Breastfeeding Medicine, jumuiya ya madaktari wa unyonyeshaji, umegeuza jambo hilo: kusugua kwa nguvu na kukamua kupita kiasi huzidisha uvimbe. Nyonyesha kama kawaida, weka kitu cha baridi, pumzika. Ukipata homa isiyoshuka ndani ya siku moja, au hali ikizidi, nenda hospitali.

Hilo la kukamua kupita kiasi ndilo linalonifanya nikwambie usianze na pampu wiki ya kwanza, kama mtoto ananyonya vizuri na mko pamoja. Titi hutengeneza kadiri linavyoondolewa maziwa, na ukiliomba ya watoto wawili litajaribu kukupa. Anza wiki mbili au tatu kabla ya kurudi kazini, mara moja kwa siku, baada ya mnyonyo wa asubuhi ambapo wengi huwa na maziwa mengi.

Wiki hizohizo mfundishe atakayebaki na mtoto. Kikombe kidogo kisicho na kona ni rahisi kuosha kuliko chupa, na watoto hujifunza haraka: amkalishe wima, aweke ukingo kwenye mdomo wa chini, amwache mtoto alambe mwenyewe, asimmiminie. Akichagua chupa, iwe na chuchu ya mtiririko wa polepole, aishike chupa ikiwa imelazwa karibu usawa, ampumzishe mtoto kila baada ya muda. Mtoto akigeuza kichwa, ameshiba. Kilichobaki kwenye chombo kitumike ndani ya saa 2 au kimwagwe, na aandike kiasi alichokunywa, ili jioni ujue ukamue ngapi kesho.